Vifaa vya kulengea vya pinde: Jina moja, bidhaa mbili

Na Mwandishi wa Biashara

Ankara inasema "vifaa vya kulengea vya upinde, vipande 20". Mzigo umefika, ushuru umelipwa na maboksi yamefunguliwa dukani Nairobi. Wateja, ambao ni wachezaji wa klabu ya kulenga shabaha, wanavishika, wanaviangalia, wanavirudisha mezani. Vifaa si vibovu. Vimetengenezwa kwa ajili ya wawindaji, na kanuni za mashindano haziwaruhusu wachezaji hao kuvitumia. Fedha za mwenye duka zimelala kwenye rafu.

Huo ni mfano tuliotunga, lakini kosa lenyewe ni rahisi mno kufanyika. Katika orodha za bei za watengenezaji, kifaa cha mwindaji na kifaa cha mchezaji huitwa kwa jina moja, vyote hufungwa kwenye upinde na vyote hurekebishwa. Kwa mfanyabiashara hizo ni bidhaa mbili tofauti, zenye wateja tofauti na sheria tofauti kila upande wa mpaka.

Makala haya yanaeleza kifaa hiki kinavyofanya kazi, namna ya kuchagua kulingana na mnunuzi, na mambo ya forodha na usafirishaji ambayo huwakwamisha watu.

KIFAA CHENYEWE NI NINI

Kifaa cha kulengea hufungwa kwa skrubu kwenye mshikio wa upinde, juu kidogo ya mkono wa mpigaji. Mbele yake kuna alama ya kulengea, ambayo yaweza kuwa pini moja, pini kadhaa zilizopangwa moja chini ya nyingine, au kiduara chenye nukta katikati. Mpigaji anapovuta uzi huweka alama hiyo juu ya shabaha, kisha huachia mshale.

Soko lina pinde za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni rikavu, ambayo ncha zake zimepinda kuelekea mbele. Huu ndio upinde unaoonekana kwenye Olimpiki. Ya pili ni kompaundi, yenye magurudumu madogo kwenye ncha na nyaya zinazopunguza uzito mpigaji akishavuta hadi mwisho. Wawindaji wengi wa Marekani hutumia kompaundi, lakini pia kuna mashindano ya shabaha ya kompaundi. Kwa hiyo mteja akisema "nina kompaundi" bado hujajua anataka nini.

Kwenye kompaundi, mpigaji huchungulia kupitia kitundu kidogo kilichofungwa katikati ya nyuzi za upinde. Kitundu hicho na duara la kifaa cha mbele vinatakiwa kuonekana kama sahani mbili zilizopangwa sawasawa. Duara likiwa kubwa kuliko kitundu kinavyoonyesha, au dogo mno, ulengaji huyumba. Ndiyo maana duka linalouza kifaa bila kuwa na vitundu vya ukubwa mbalimbali litapokea malalamiko ambayo si kosa la kifaa.

KWA NINI KINAREKEBISHWA

Mshale huanza kushuka mara tu unapotoka kwenye uzi. Tuchukue mshale unaokwenda futi 280 kwa sekunde, yaani karibu mita 85, mwendo wa kawaida kwa kompaundi ya kuwinda. Bila kuhesabu upinzani wa hewa, mshale huo hushuka hivi:

- Yadi 20 (mita 18): sentimita 23
- Yadi 40 (mita 37): sentimita 91
- Yadi 60 (mita 55): mita 2

Umbali ukizidishwa mara mbili, mshuko huzidi mara nne. Kwa sababu hiyo kila umbali unahitaji alama yake, na kifaa cha kurekebishwa ndicho kinachompa mpigaji alama hiyo.

Sasa tuangalie gharama ya kukosea. Mpigaji aliyekadiria umbali pungufu kwa yadi 5 tu, yaani mita 4 na nusu, atapiga chini ya alama yake kwa takriban sentimita 7 akiwa amelenga kwa yadi 20, sentimita 13 kwa yadi 40, na sentimita 18 kwa yadi 60. Kwenye mashindano ya kompaundi ya mita 50, duara la alama 10 lina upana wa sentimita 8. Kwa mwindaji wa kulungu wa Marekani, eneo la moyo na mapafu ni kama sentimita 20 hadi 25 kwa upana. Kukosea sentimita 18 kutoka katikati kunamaanisha mnyama aliyejeruhiwa na kukimbia.

Hilo lina bei yake. Katika uwindaji wa kitalii wa mashariki na kusini mwa Afrika, desturi ni kwamba mnyama aliyejeruhiwa asipatikane hulipiwa sawa na aliyeuawa. Mtalii anayelipa maelfu ya dola hatapuuza kifaa kilicholegea.

Swali la kwanza la muuzaji, basi, si "una bajeti gani?" bali ni "umbali wako unaujua, au unaukadiria?" Mchezaji wa shabaha kwa kawaida anaujua, maana uwanja umepimwa. Mwindaji anaukadiria, au anaupima kwa kifaa cha leza sekunde chache kabla ya mnyama kusogea. Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa aina zote zilizopo sokoni.

VIFAA VYA MWINDAJI

Viko vya aina tatu.

Aina ya kwanza ni pini zilizotulia, kwa kawaida 3 au 5. Kila pini huwekewa umbali wake, tuseme yadi 20, 30 na 40, kisha hukazwa na kuachwa hapo. Faida yake ni haraka. Mnyama akisogea, mwindaji hubadili pini kwa jicho bila kugusa kitu. Hasara ni kwamba pini nyingi huziba sehemu ya mnyama, na mwenye haraka anaweza kutumia pini isiyo yake.

Aina ya pili ni pini moja inayosogezwa juu na chini kwa kuzungusha kitufe kama cha redio ya zamani. Pembeni kuna utepe wa vipimo unaoonyesha umbali. Mbele ya jicho kuna alama moja tu na shabaha inaonekana vizuri. Hata hivyo, mnyama akitembea mita 10 baada ya mwindaji kuvuta uzi, itabidi aidha alegeze na kurekebisha upya, au akadirie. HHA Sports ya Wisconsin ni miongoni mwa makampuni yaliyojulikana kwa aina hii.

Aina ya tatu ni mchanganyiko. Ina pini 3 au 5 kwa umbali wa karibu, na kitufe cha kuzishusha zote kwa pamoja ili pini moja, mara nyingi ya chini kabisa, itumike kwa umbali mkubwa. Ndiyo yenye matumizi mapana, na ndiyo nzito na ghali zaidi. Spot Hogg ya Oregon na Black Gold ya Montana ni majina yanayofahamika hapa.

Ipi iagizwe? Inategemea mahali inapokwenda. Kusini mwa Afrika uwindaji mwingi wa upinde hufanyika kwenye vibanda vya kujificha karibu na maji ya kunywea wanyama, umbali wa mita 20 hivi. Kwa kazi hiyo pini 3 zilizotulia zinatosha, na kitufe cha kufikia yadi 100 ni fedha za bure. Mwindaji anayenyatia kwenye uwanda wazi ndiye mteja wa aina ya mchanganyiko.

Jambo jingine ni unene wa pini. Pini za kisasa zina uzi wa kukusanya mwanga unaoifanya ncha ing'ae. Vipimo vya kawaida ni inchi 0.010, 0.019 na 0.029, yaani takriban robo, nusu na robo tatu ya milimita. Nyembamba hufunika sehemu ndogo ya shabaha lakini hufifia mapema jioni. Nene hung'aa alfajiri na magharibi lakini hufunika sehemu kubwa. Ndani ya kibanda chenye giza uzi haupati mwanga wa kutosha, na hapo wengi huongeza taa ndogo ya betri. Taa hiyo si ya kudhani inaruhusiwa kila mahali, kwani yapo majimbo ya Marekani yanayozuia vifaa vya umeme kwenye upinde wa kuwinda.

VIFAA VYA MCHEZAJI

Hapa anayeamua ni Shirikisho la Kimataifa la Ulengaji Shabaha, World Archery, na kanuni zake zinatofautiana kwa aina ya upinde.

Kwa rikavu, kifaa cha kulengea kinaruhusiwa, lakini kiwe na alama moja tu ya kulengea. Lenzi ya kukuza hairuhusiwi. Pima maji hairuhusiwi. Kitu chochote cha umeme hakiruhusiwi. Rudi sasa kwenye mfano wetu wa mwanzo: vifaa 20 vyenye pini 5 na pima maji vimevunja kanuni mbili kwa mpigo kwa mchezaji wa rikavu.

Kwa kompaundi, kanuni ni pana zaidi. Lenzi ya kukuza na pima maji vinaruhusiwa. Mchezaji hutumia mkono mrefu unaopeleka kifaa mbele, na mwisho wake duara lenye lenzi. Lenzi yenye ukuzaji mkubwa huonyesha shabaha kubwa, lakini pia hukuza mtikisiko wa mkono. Anayeanza asiuziwe lenzi kubwa kwa sababu tu ina bei nzuri.

Ipo pia daraja la upinde mtupu, ambalo halitumii kifaa cha kulengea kabisa. Mteja wa daraja hilo hana la kununua katika bidhaa hii.

Umbali nao ni maalumu. Rikavu ya nje kwa wakubwa ni mita 70, na shabaha yake ina upana wa sentimita 122. Kompaundi ni mita 50. Mchezaji wa ndani hupiga mita 18. Kifaa chake kinahitaji vipimo vinavyosomeka wazi, na hatua ndogo sana za kurekebisha kulia na kushoto kwa ajili ya upepo. Shibuya ya Japani ni jina kubwa kwa rikavu, na Axcel ya Marekani hupatikana sana kwa kompaundi.

Afrika Mashariki ina wateja wa kundi hili. Kenya iliwakilishwa kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 na mlengaji shabaha Shehzana Anwar, ambaye pia alibeba bendera ya nchi kwenye ufunguzi. Aidha, kompaundi imepangwa kuingia kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza Los Angeles mwaka 2028, katika mashindano ya timu mchanganyiko za mwanamume na mwanamke. Hadi Paris 2024 ilikuwa rikavu peke yake. Mwagizaji anayefikiria miaka michache mbele ana sababu ya kuifuatilia kompaundi ya shabaha, lakini aanze na klabu zilizopo na awaulize wanapiga upinde gani leo.

SHERIA YA KUWINDA HUBADILIKA UKIVUKA MPAKA

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haikurudisha ruhusa hiyo. Maana yake kibiashara ni kwamba kifaa cha mwindaji hakina soko halali la uwindaji nchini humo. Soko ni la shabaha.

Tanzania inaruhusu uwindaji wa kitalii kwa leseni chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Lakini kuruhusiwa kuwinda na kuruhusiwa kutumia upinde ni mambo mawili. Usiagize shehena ya kuuzia watalii kabla kampuni ya uwindaji haijakuonyesha kwa maandishi kwamba wateja wake wana kibali cha upinde.

Afrika Kusini na Namibia zina uwindaji wa upinde uliokwisha kuota mizizi. Afrika Kusini vibali hushughulikiwa zaidi na majimbo, hivyo masharti ya jimbo moja si lazima yawe ya jingine. Namibia inaweka kiwango cha chini cha nguvu za upinde kulingana na ukubwa wa mnyama. Huko ndiko bidhaa ya mwindaji inakotembea.

MAMBO 7 YA KUKAGUA KABLA YA KULIPA

1. Mkono. Vifaa vingi huuzwa kwa mpigaji wa mkono wa kulia au wa kushoto, ingawa vingine hugeuzwa. Wengi hutumia kulia, lakini agizo lisilo na kipande hata kimoja cha kushoto litampoteza mteja ambaye hana pengine pa kwenda.

2. Namna ya kufunga. Kwa miaka mingi kompaundi zimekuwa na matundu mawili ya skrubu ubavuni mwa mshikio. Katika miaka ya karibuni baadhi ya pinde mpya zina reli ya Picatinny upande wa mbele. Kifaa cha reli hakitafungika kwenye upinde wa zamani bila kiunganishi. Uliza umri wa pinde za wateja wako.

3. Marekebisho madogo. Vifaa vya bei ya chini hulegezwa kwa alenki na kusogezwa kwa kidole. Vya bei ya juu vina kitufe kinachosogea hatua kwa hatua. Kwa mchezaji wa shabaha hii si anasa.

4. Mhimili wa pili na wa tatu. Mhimili wa pili huhakikisha pima maji iko sawa upinde ukiwa wima. Wa tatu hurekebisha duara lisifunguke kama mlango, ili pima maji iseme kweli hata mpigaji anapolenga kwenye mteremko au mlima. Anayepiga uwanja tambarare hausikii mhimili wa tatu. Anayewinda milimani ataukosa mnyama bila kujua sababu.

5. Tepe za vipimo. Kifaa cha kuzungushwa huja na tepe nyingi, kila moja kwa mwendo fulani wa mshale. Mpigaji hupiga umbali wa karibu na wa mbali, huona alama zake mbili, kisha huchagua utepe unaolingana. Akibadilisha uzito wa mishale atahitaji utepe mwingine. Boksi lisilo na tepe ni nusu ya bidhaa.

6. Kulegea. Kaza kila skrubu, kisha tikisa. Zungusha kitufe kutoka mwanzo hadi mwisho mara kumi na urudishe kwenye alama ileile. Kama hakirudi pale pale, kisiende kwa mteja.

7. Vipuri. Pini na nyuzi za mwanga huvunjika. Muulize mtengenezaji kama anauza pini moja moja. Kifaa cha dola 200 kinachotupwa kwa pini moja kitakuharibia jina.

Muuzaji pia ajue kanuni moja ya kumwelekeza mteja: fuata mshale. Mishale ikiangukia chini, shusha pini. Ikienda kushoto, peleka pini kushoto. Wateja wengi wapya hufanya kinyume, halafu hurudisha kifaa wakidai ni kibovu.

BEI, NA KODI ILIYOJIFICHA NDANI YAKE

Kwa bei za rejareja za Marekani, kifaa rahisi cha pini zilizotulia hupatikana kwa dola 40 hadi 100. Cha kati ni dola 150 hadi 250. Cha mchanganyiko cha daraja la juu huenda dola 300 hadi 500. Upande wa shabaha, kifaa cha rikavu cha anayeanza chaweza kuwa chini ya dola 50, na cha mashindano dola 200 na zaidi.

Ndani ya bei hizo za Marekani mna kodi ambayo wanunuzi wa nje wengi hawaioni. Serikali ya huko hutoza asilimia 11 kwa pinde na vipuri na viambatanisho vyake, ikikusanywa kwa mtengenezaji au mwagizaji, na fedha huenda kwenye uhifadhi wa wanyamapori kwa utaratibu ulioanza mwaka 1937 kwa silaha za moto na kupanuliwa hadi pinde miaka ya 1970. Bidhaa inayouzwa kwa ajili ya kusafirishwa nje inaweza kusamehewa kodi hiyo, mradi mauzo yafanyike hivyo tangu mwanzo na kuwe na ushahidi wa usafirishaji.

Ukinunua dukani au kwa rejareja mtandaoni, umekwisha kuilipa. Ukinunua kwa mtengenezaji, uliza bei ya usafirishaji nje. Kwa agizo la dola 2,000, hilo ni karibu dola 220.

FORODHA: USIITE SILAHA KISICHO SILAHA

Mfumo wa kimataifa wa uainishaji bidhaa unasema wazi, katika maelezo ya Sura ya 93 ya silaha, kwamba pinde na mishale hazimo humo bali zimo kwenye Sura ya 95. Vifaa vya ulengaji shabaha viko chini ya 9506.99, pamoja na bidhaa nyingine za michezo. Darubini za bunduki ziko 9013.10 na vipuri vya silaha viko 9305. Mwuzaji wa nje akiandika kwenye ankara neno la jumla linaloweza kumaanisha kifaa cha bunduki, mzigo wako utasimama ukisubiri maelezo na gharama za ghala zitaendelea kupanda.

Hivyo, kabla mzigo haujaondoka, hakikisha ankara inataja upinde, inataja michezo, na inaambatana na picha au karatasi ya mtengenezaji. Kwa agizo kubwa, wakala wako aombe uamuzi wa awali wa uainishaji kwa mamlaka ya mapato ya nchi unakokwenda. Uamuzi wa maandishi una nguvu kuliko maelezo ya mdomo mpakani.

Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005 ukiwa na viwango vya asilimia 0, 10 na 25, na kiwango cha 35 kiliongezwa Julai 2022. Kwa mfano wa hesabu tu, tuseme wakala amethibitisha kiwango cha 25. Thamani pamoja na nauli na bima ni dola 2,000. Ushuru ni dola 500. Kodi ya ongezeko la thamani huhesabiwa juu ya dola 2,500: Kenya kwa asilimia 16 ni dola 400, Tanzania kwa asilimia 18 ni dola 450. Kabla ya tozo nyingine, vifaa 20 vimefikia dola 2,900 Nairobi, au 2,950 Dar es Salaam. Hicho ndicho kiasi kinacholala kwenye rafu ukichagua aina isiyo na mnunuzi.

Kuna mtego mwingine kwa wanaovuka na mzigo mdogo Namanga, Holili au Malaba. Cheti cha uasili kilichorahisishwa, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Kifaa kilichotengenezwa Oregon hakiwi cha Jumuiya kwa sababu kilinunuliwa Nairobi. Usidhani pia kwamba ushuru uliolipwa Kenya kwa matumizi ya Kenya unakufungulia njia upande wa pili. Chini ya Himaya Moja ya Forodha iliyoanza mwaka 2014, ushuru hulipwa kwa nchi ambako mzigo unaishia. Kama unajua mnunuzi wako yuko Arusha au Kigali, andika hivyo tangu bandarini.

KWA WASAFIRISHAJI

Kifaa kimoja kina uzito wa gramu 200 hadi 500 hivi. Boksi dogo linaweza kubeba thamani ya maelfu ya dola, kwa hiyo lipewe bima kwa thamani na si kwa uzito. Mambo matatu yaangaliwe zaidi.

Kwanza, betri. Taa za pini hutumia betri ndogo za kidonge, nyingi za lithiamu, ambazo zina masharti kwenye ndege. Muulize mtumaji kama betri zimo ndani, na zitajwe kwenye nyaraka.

Pili, tritiamu. Baadhi ya pini hung'aa gizani bila betri kwa sababu zina tritiamu, ambayo ni kitu chenye mionzi na ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Kiasi ni kidogo, lakini kiko chini ya usimamizi wa mamlaka za nyuklia, kama Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya. Usipokee mzigo wenye neno hilo kwenye orodha bila kuona kibali. Vifaa vya kuona gizani au kuona joto navyo vina udhibiti mkali wa kusafirishwa nje ya Marekani, na visichanganywe kwenye boksi moja na bidhaa za kawaida.

Tatu, vumbi na mtikisiko. Barabara ya kokoto hulegeza skrubu na vumbi huingia kwenye meno ya kitufe. Kila kifaa kifungwe kwenye mfuko wake, lenzi zikae mbali na chuma, na boksi lisilaliwe na mzigo mzito. Kwa mtalii anayesafiri na upinde wake, kifaa kiondolewe na kufungwa peke yake, na mwenyeji wake awe na orodha ya vitu hivyo vyenye namba zake kwa ajili ya kuingia na kutoka.

KABLA YA KUAGIZA

Mpigie mteja simu na umwulize maswali manne: upinde gani, umbali gani, mkono gani, na unapiga wapi. Majibu hayo manne yanatosha kukuambia kama unaagiza pini au lenzi, reli au matundu, na kama sheria ya huko inamruhusu kutumia unachomletea. Simu hiyo ni ya shilingi chache, na shehena ya mfano wetu ilifika dola 2,900.